Saa iliyobadilishwa si saa bandia, mradi muuzaji aseme

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika hivi karibuni kwamba aliuziwa saa ya mkono hapa Tanga, saa ya kujijaza yenyewe isiyotumia betri, na baada ya muda fundi mmoja akamwambia kwamba uso wake, akrabu zake na kioo chake havikutoka kiwandani pamoja na mashine iliyomo ndani. Kutokana na mkasa huo msomaji alitoa hukumu mbili: kwamba vijana wanaofungua saa na kuzibadilisha sura ni watengenezaji wa bidhaa bandia, na kwamba Halmashauri ya Jiji iwapige marufuku kabla hawajawaharibia jina na kuwanyima riziki mafundi saa wachache waliosalia. Namwonea huruma kwa fedha zake, na nusu ya malalamiko yake naiunga mkono bila masharti. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa sababu ikifuatwa kama ilivyoandikwa itawaadhibu watu wasiohusika, na yule aliyemdanganya atahamia mtaa wa pili na kuendelea na biashara yake.

Wanaofanya kazi hii kwa kuipenda tu, bila kutafuta riziki, si wengi katika mji wetu, na karibu wote hawana hata kibao mlangoni. Yupo mwalimu wa sekondari, yupo karani wa bandarini, wapo vijana wa Makorora na Ngamiani waliosomea umeme, na tupo wastaafu ambao macho bado yanaturuhusu. Kila mmoja ana bisibisi ndogo, kibano, lenzi ya kubana jichoni na taa ya mezani, na vipuri huviagiza kutoka nje vikafika kwa posta. Wengi hawajawahi kuuza saa hata moja. Wanazirekebisha zao, za ndugu zao na za jirani aliyechoka kuambiwa kwamba saa yake haina dawa. Kuwatia watu hao kapu moja na muuza saa za kughushi ni kutowatendea haki, na nadhani msomaji mwenzangu asingefanya hivyo kama angekaa nao mezani jioni moja.

Kazi yenyewe inahitaji kuelezwa kidogo, maana wanaoilaumu mara nyingi hawajawahi kuona ndani ya saa. Saa ya kujaza kwa mkono, na ile inayojijaza kwa mwendo wa mvaaji, zote huendeshwa na kamani, yaani utepe wa chuma uliokunjwa ndani ya kopo dogo. Nguvu ya kamani hupita katika msururu wa magurudumu yenye meno hadi kwenye uma mdogo wenye ncha mbili za yakuti ya kutengenezwa, na uma huo huigawa nguvu hiyo kidogo kidogo kwa gurudumu la mizani, ambalo huenda na kurudi likirudishwa na kamani nyingine nyembamba kuliko unywele wa binadamu. Katika mashine nyingi za Kijapani za siku hizi gurudumu hilo hupiga mapigo 21,600 kwa saa, sawa na mapigo 6 kila sekunde, na katika nyingi za zamani ni 18,000. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo saa inayokosea sekunde 20 kwa siku imekosea chini ya sehemu moja katika 4,000, na imefanya hivyo bila chembe ya umeme. Mtu akishaelewa jambo hilo ni vigumu kumzuia asitake kuifungua.

Kwa nini basi ni saa za Japani hasa zinazobadilishwa sura, wala si za Uswisi? Sababu ni ya kiufundi zaidi kuliko ya bei. Mwaka 1996 kampuni ya Seiko ilianza kutumia mashine inayoitwa 7S26, na mashine za ukoo huo zilizofuata, pamoja na ile ya NH35 yenye vito 24 (vijiwe vya kupunguza msuguano) ambayo huuzwa waziwazi kwa watengenezaji wengine wa saa, zilibaki na vipimo vilevile vya mahali pa kushikia akrabu: milimita 1.5 kwa akrabu ya saa, 0.9 kwa ya dakika na 0.2 kwa ya sekunde. Uso wa kipenyo cha milimita 28.5 hukaa katika makasha mengi. Kwa sababu hiyo karakana ndogo za nchi mbalimbali zilianza kuchonga nyuso, akrabu, vioo na pete za juu (zile zinazozunguka kioo) zinazoingia bila kulazimishwa, na mwenye bisibisi akaweza kujitengenezea saa ambayo hakuna duka linaloiuza. Saa ya wapiga mbizi ya Seiko iitwayo SKX007, iliyopendwa kuliko zote na watu wa namna hii, iliacha kutengenezwa mwaka 2019, na vipuri vyake vinaendelea kuchongwa mpaka leo. Hakuna siri hapo, wala hakuna wizi. Kampuni inayouza mashine tupu kwa watu wengine inajua kwamba mashine hiyo itavishwa kasha na uso ambao si wake.

Uhalifu unaanza mahali pawili, na napenda nipataje kwa uwazi. Pa kwanza ni jina. Mtu akichapa jina la kampuni juu ya uso ambao kampuni hiyo haikuutengeneza, saa hiyo kwangu ni bandia, hata kama mashine iliyomo ndani ni halali na inapiga vizuri. Na vijana wetu wanaoagiza nyuso zenye majina ya kampuni kubwa kwa sababu zinapendeza waache, kwa kuwa nyuso zisizo na jina lolote zinapatikana na bei yake haizidi. Pa pili ni ukimya. Aliyebadilisha kioo, akrabu na uso, kisha akaiuza saa bila kutamka neno, amemuuzia mnunuzi kitu kingine tofauti na kile mnunuzi alichodhani ananunua, na hapo msomaji mwenzangu ana haki kamili ya kuwa na hasira.

Mpaka huu kati ya halali na bandia sikuutunga mimi. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1947, katika kesi ya plagi za magari za kampuni ya Champion, kwamba plagi zilizotumika na kukarabatiwa zinaweza kuuzwa zikiwa na jina la kampuni ya awali, ilimradi zionyeshe wazi kwamba zimekarabatiwa. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya New York ilitumia mawazo hayohayo kwa saa, pale kampuni ya Hamilton ilipoishtaki kampuni ndogo ya Colorado iitwayo Vortic, ambayo huchukua mashine za saa kuukuu za mfukoni, zikiwemo za Hamilton, na kuzivisha makasha mapya ya kuvaa mkononi. Vortic ilishinda, na sababu kubwa ilikuwa kwamba matangazo yake na saa yenyewe vilimweleza mnunuzi nini ni cha zamani na nini ni kipya. Kinyume chake, mwaka 2024 mahakama nyingine ya rufaa ilikubali kwamba muuzaji wa Texas aliyekuwa akiuza saa za Rolex zilizotiwa vipuri visivyo vya Rolex, kwa jina hilohilo la Rolex, alikuwa ameuza bidhaa bandia. Hukumu za Marekani hazitufungi sisi, lakini na hapa tunayo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na tunayo Tume ya Ushindani inayoshughulikia bidhaa bandia. Anayechapa jina la wenyewe anajulikana pa kupelekwa. Halmashauri haihitaji kutunga marufuku mpya dhidi ya bisibisi.

Liko jambo moja ambalo msomaji mwenzangu hakulitaja, na kwa watu wa pwani kama sisi lina uzito kuliko la uso na akrabu, nalo ni maji. Kasha la saa huzuia maji kwa pete za mpira zilizoko chini ya mfuniko wa nyuma, kwenye shina la kichwa cha kujazia, na mara nyingi chini ya kioo pia. Kila mfuniko unapofunguliwa, mpira unaweza kuwa umekauka, umepinda au umebanwa na chembe ya mchanga, na baada ya hapo maandishi ya mita 200 yaliyoko usoni hayana maana yoyote mpaka saa ipimwe tena kwa mashine ya shinikizo. Isitoshe, maandishi hayo ni kipimo cha shinikizo la maabara, wala hayamwahidi mtu kuzama nayo umbali huo. Saa iliyoandikwa mita 30 inastahimili manyunyu na kunawa, na kiwango cha kimataifa cha saa za wapiga mbizi, ISO 6425, hakianzi chini ya mita 100. Vijana wanaoruka majini Raskazone wakiwa na saa zilizobadilishwa kioo juzi wanajidanganya. Tone moja la maji ya chumvi likiingia, shina la kichwa cha kujazia hushika kutu kwanza, kisha skrubu, kisha kamani, na hewa yetu yenye unyevu humalizia kazi iliyobaki. Kwa maoni yangu, mtu anayeuza saa iliyofunguliwa bila kumwambia mnunuzi kama imepimwa maji au la amefanya kosa kubwa zaidi kuliko yule aliyenyamaza kuhusu akrabu.

Nisije nikaonekana kwamba naona mabadiliko ya sura kuwa mchezo wa urembo tu. Yapo mabadiliko ambayo kiwanda hakina sababu ya kutufanyia, na tusipojifanyia wenyewe hayatafanywa na mtu. Kijana mmoja wa hapa amejichapia uso wenye saa za Kiswahili: 6 iko juu, 12 iko chini, na akrabu ikifika mahali ambapo saa nyingine zina 7, yake inasoma 1. Mashine haikuguswa hata kidogo, na tarehe inabadilika saa sita usiku kama kawaida. Wazee wengine hupata matokeo hayo kwa njia nyepesi zaidi, kwa kurudisha akrabu nyuma saa sita, ila kwao tarehe hubadilika saa kumi na mbili. Ukiiweka vizuri itabadilika jioni badala ya asubuhi, karibu na magharibi, na hiyo kwa hakika inalingana zaidi na hesabu ya watu ambao kwao usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa yenyewe. Sidhani kwamba kuna mtu atakayesema uso wa namna hiyo ni bandia, na sijui ni kampuni gani ingeudai.

Sasa niwageukie wenzangu wa mezani, kwa kuwa si haki kuwatetea bila kuwaonya. Mazoea ya kuanza kujifunza na saa ya babu yakome. Saa iliyovaliwa na mzee aliyefanya kazi relini, bandarini au kwenye mashamba ya mkonge haina mbadala, na anayeanza kazi hii ataharibu kitu, hilo halina mjadala. Anunue mashine tupu mpya, au saa mbovu isiyo na mwenyewe, aifungue na kuifunga mpaka mikono izoee. Kabla ya kuutoa ule uma ni lazima nguvu ya kamani iachiwe polepole, la sivyo magurudumu yote hufyatuka kwa pamoja na ncha za ekseli huvunjika. Uma wenyewe usilowekwe katika spiriti, kwa maana vile vipande vya yakuti vimegandishwa kwa shelaki, aina ya gundi ya asili, na shelaki huyeyuka katika spiriti. Mafuta ya cherehani na mafuta ya nazi, ambayo nimeyaona yote mawili yakitumika, hutambaa au huganda. Saa hutaka mafuta yake maalumu, mepesi kwa gurudumu la mizani na mazito kwa magurudumu ya polepole, na egemeo za uma huachwa kavu. Kiasi kinachotosha hakizidi ncha ya sindano.

Onyo zito zaidi linahusu rangi ya kung'aa gizani. Saa nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa rangi yenye radiamu, madini yanayotoa mionzi, kwenye namba na akrabu. Leo rangi hiyo imekuwa ya kahawia na haing'ai, na kijana huamini kwamba imekufa, akaikwangua kwa kisu ili apake mpya. Kilichokufa ni kemikali ya kung'aa. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 hivi kupungua kwa nusu, na vumbi lake likivutwa kwa pumzi au likimezwa hukaa katika mifupa. Wasichana waliopaka rangi hiyo katika viwanda vya Marekani miaka mia moja iliyopita, huku wakiichonga ncha ya brashi kwa midomo, waliugua taya na mifupa, na wengi walifariki. Rangi za kisasa hazina mionzi, kwa hiyo anayetaka saa ing'ae anunue uso mpya, na ule wa zamani auache kama ulivyo ndani ya kasha lake lililofungwa.

Kuhusu hoja kwamba wapenda saa wanawaua mafundi kwa njaa, naomba tuwe wakweli. Fundi saa wa barazani hakunyang'anywa kazi na mwalimu anayefungua saa yake usiku wa Jumamosi. Kazi ilianza kuondoka pale saa za betri za kwatzi, zinazoongozwa na kipande cha jiwe kinachotetemeshwa na umeme, zilipoingia, na ya kwanza ya mkononi ya aina hiyo iliuzwa Tokyo tarehe 25 Desemba 1969; kisha simu ikachukua iliyobaki, na leo meza nyingi za mafundi wetu zinaishi kwa kubadilisha betri na kukata mikanda. Wanaomletea fundi huyo kazi ya saa ya kamani, na kumuuliza maswali ambayo hajaulizwa kwa muda mrefu, ni hawahawa wapenda saa. Zaidi ya hayo, mteja anayeelewa kidogo hadanganywi kirahisi. Saa inayowahi dakika kadhaa kwa siku mara nyingi haina ugonjwa wowote ila imeshika sumaku ya spika au ya mkoba wa simu, na kifaa kidogo cha kuondoa sumaku huiponya kwa sekunde chache. Nimeona watu wakitozwa gharama ya kusafisha mashine nzima kwa tatizo hilo. Nakiri pia kwamba wapo mafundi waaminifu ambao wangeeleza jambo hilo bure, na baadhi yetu tumejifunza kwao. Suala la cheti lisitusumbue sana: John Harrison, Mwingereza aliyetengeneza saa ya kwanza iliyoweza kutegemewa baharini na kuikamilisha mwaka 1759, alikuwa seremala.

Ninachoomba kwa Halmashauri ni kidogo kuliko marufuku na kinatekelezeka zaidi. Yeyote anayeuza saa iliyofunguliwa, awe na meza au hana, atoe stakabadhi inayotaja mashine ni ipi, vipi kati ya uso, akrabu, kioo, pete na kichwa cha kujazia vilibadilishwa, na kama saa ilipimwa maji baada ya kufungwa. Mistari mitano ya kalamu inatosha. Asiyetaka kuiandika atakuwa amekwisha kujieleza. Na chuo cha ufundi cha VETA kilichopo hapa Tanga kingeweza, kwa ada ndogo, kuruhusu karakana yake itumike jioni moja kwa wiki, mafundi wakongwe wakalipwa kufundisha na vijana wakafundishwa mahali penye mwanga wa kutosha na pasipo vumbi la barabarani, jambo ambalo lingewafaa wote wawili kuliko kulaumiana magazetini.

Kwa msomaji mwenzangu, kabla hajaitupa saa yake, ningemshauri arudi kwa aliyemuuzia akiwa na mtu wa kumshuhudia, ataje alichoambiwa na fundi, na adai ama tofauti ya bei ama maandishi ya vilivyobadilishwa. Kama uso una jina la kampuni na fundi ana hakika kwamba uso huo si wa kampuni hiyo, malalamiko hayo yapelekwe Tume ya Ushindani. Baada ya hapo amwombe fundi asikilize mapigo ya mashine kwa kile kipimo chenye maikrofoni: ikiwa ni NH35, kampuni yenyewe hukubali saa ichelewe hadi sekunde 20 au iwahi hadi sekunde 40 kwa siku, na ikiwa ndani ya mipaka hiyo ana saa nzima mkononi, yenye sura ambayo hakuichagua. Ila asiingie nayo baharini mpaka ibadilishiwe mipira na ipimwe.

Wako,
Mstaafu, Chumbageni, Tanga